Kiti Kinachodanganya Masikio



Mwezi ujao nitapanda ndege kwenda Kinshasa kumwona mama mdogo, ambaye ni mgonjwa. Itakuwa mara yangu ya kwanza, na ninaogopa. Tarehe 8 Julai 2011 nilikuwa bado mwanafunzi wa ISP hapa Kisangani. Siku ile hali ya hewa ilikuwa mbaya sana, na ndege aina ya Boeing 727 iliyotoka Kinshasa ikaanguka ikijaribu kutua Bangoka. Watu wengi walikufa. Tangu hapo, wingu jeusi likipanda juu ya mto, mimi husikiliza kama kuna ndege inayopita.

Nilipowaaga wanafunzi wangu wa darasa la sita, mtoto mmoja aliuliza: «Mwalimu, rubani anajifunzia wapi mambo ya mvua kali? Ni huko juu, na watu wamo ndani?» Sikuwa na jibu, basi nikaenda kusoma.

Kumbe wanajifunzia chini. Kuna mashine inayoitwa simuleta: chumba kama kile cha rubani, chenye picha mbele ya madirisha, kimesimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Chuo cha Ethiopian Airlines kule Addis Ababa kinazo. Humo rubani anaweza kuzimikiwa injini mara kumi kwa siku, na jioni akarudi kwake kula.

Lakini chumba hicho hakiendi popote. Mbona basi rubani anahisi mwendo? Niliwaonyesha watoto. Tuliazima kiti cha kuzunguka ofisini kwa mkuu wa shule, nikamfunga mmoja macho kwa kitambaa, nikamzungusha polepole bila kubadili mwendo. Baada ya muda akasema, «Nimesimama», naye bado anazunguka! Nilipokisimamisha kiti, akapiga kelele kwamba sasa anazungukia upande mwingine. Darasa zima lilicheka. Ndani ya sikio mna mifereji midogo yenye maji. Maji hayo hutambua mwendo unapobadilika. Mwendo ukiwa uleule, yananyamaza.

Simuleta hutumia udhaifu huo. Husukuma kidogo, kisha hujirudisha taratibu sana ili rubani asitambue. Ikitaka ahisi ndege inakimbia ili iruke, hujiinamisha nyuma kidogo. Mgongo wake unakandamizwa kwenye kiti kama wako juu ya toleka dereva anapokaza pedali, na macho yanaona uwanja ukikimbia. Basi anaamini.

Hapo ndipo lilipo swali kubwa: nani anapima kama uongo huo unafanana na ukweli? Hupimwa kwa njia mbili. Kwanza, hulinganishwa na vipimo vilivyoandikwa ndani ya ndege halisi ikiruka. Pili, marubani wenye uzoefu huingia na kusema wanachohisi mikononi na mwilini. Njia moja haitoshi bila nyingine.

Na kupima huko si mchezo. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka, wakafa watu wote 157. Kifaa kimoja kilikuwa kimetoa vipimo vya uongo, na ndege ikawa inajiinamisha pua yenyewe. Marubani walijaribu kuirekebisha kwa gurudumu la mkono, wakashindwa. Mwezi Mei mwaka uleule, Boeing ilikiri kwamba programu ya simuleta za ndege hiyo haikuweza kuiga hali fulani za kuruka, ikairekebisha. Marekebisho hayo yaligusa hata uzito wa gurudumu lile.

Niliposoma hayo nilijikumbuka mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilifanya mazoezi ya kufundisha mbele ya watoto ishirini waliochaguliwa, wametulia, kila mmoja ana kitabu. Nilipata alama nzuri. Kisha nikapewa darasa la watoto sitini na vitabu vinne. Wiki ya kwanza nililia nyuma ya darasa. Mazoezi yangu yalikuwa na sura ya kazi, lakini uzito wake haukuwamo.

Sasa, binti yangu anapojifunza kuwasha makaa, simpi tena kuni kavu za jua pekee. Nampa na zile za siku ya mvua, nami nakaa karibu.

Mtoto yule nilimpa jibu lake: rubani anajifunzia chini, ndani ya chumba kinachodanganya masikio, na kuna watu ambao kazi yao ni kuhakikisha hakidanganyi mikono. Woga wangu haujaisha. Ila nikifunga mkanda pale Bangoka, nitamwombea rubani, kisha nitawaombea na wale waliopima mashine yake.