Nilikuwa Nimedimu

Balbu ya taa ya mbele haiungui mchana ukiwa umeegesha nje ya duka la spea. Yangu iliungua Ijumaa moja saa mbili usiku, kati ya Sultan Hamud na Emali, lori moja likiwa nyuma yangu na jingine likija. Ghafla barabara ikazimwa. Dimu, yaani taa ya chini, imeenda. Nikabonyeza fulu, ikawaka, nikamshukuru Mungu, na papo hapo lori la mbele likaanza kunipigia taa kwa hasira. Nilijikokota hadi kituo cha mafuta cha Emali nikakaa kwenye kiti cha plastiki, helmeti mapajani, mpaka kulipopambazuka.

Mama naye hakulala. Yuko Voi, na ana masikio ya kusikia nduthi yangu ikikata kona ya kanisa, kilomita nzima kutoka nyumbani. Asiposikia, halali.

Mimi nashika hesabu za stoo pale Industrial Area. Tangu presha ya mama ianze kupanda na kushuka inavyotaka, naenda nyumbani mara mbili kwa mwezi. Basi la usiku niliachana nalo siku niliyonunua pikipiki ya masafa: ya Kijapani, toleo la 1998, siti pana, kioo cha kukinga upepo, na masanduku mawili ubavuni yanayomeza kilo 10 za unga, sukari, dawa za mama, na bado koti linapata nafasi. Kazini waliniuliza kama nimeanza boda. Wanaume wakauliza nani atanisaidia kuiinua ikianguka, maana ina zaidi ya kilo 200. Swali zuri, kusema kweli. Jibu ni: yeyote atakayekuwa karibu.

Ijumaa natoka kazini saa kumi na moja. Mlolongo inanila saa nzima, giza linanikuta kabla ya Kyumvi, na kutoka hapo mpaka Voi ni mimi, malori, na mara moja moja fisi anayekata barabara kama mtu aliyechelewa kazini. Kuna lori zilizoharibika zinazoachwa katikati ya lami bila taa hata moja, matawi mawili ya mti yakiwa ndiyo onyo. Usiku ule wa Emali niliapa: sitakosa mwanga tena.

Kijana wa duka la spea alinielewa haraka sana. "Sista, hiyo ya zamani ni ya mashosho. Chukua LED." Shilingi 1,800. Boksi liliandikwa lumeni 20,000. Siku hizo sikujua kwamba balbu ya kawaida ya H4, ile ya wati 60 kwa 55, hutoa kama lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Ningejua, labda ningejiuliza hizo nyingine 19,000 zinapitia wapi. Lakini boksi linaweza kusema chochote, na mimi nilikuwa na hasira na giza.

Niliifunga mwenyewe kwa tochi ya simu. Chomoa soketi yenye miguu mitatu, vua kifuniko cha raba, fungua kile kiwaya cha kubania, toa ya zamani, tia mpya. Shida ilikuwa moja: hii mpya ilikuwa na kifeni mgongoni, na kifuniko cha raba kikakataa kurudi. Nikakikata tundu kwa kisu cha jikoni. Nilijiona fundi.

Na usiku huo, jamani. Mwanga mweupe kama wa uwanja wa mpira. Niliona mbuzi waliolala mbali kabisa na lami. Niliona matawi ya onyo mapema mpaka nikapata muda wa kuyachambua ni ya mti gani. Kwa mara ya kwanza tangu nianze safari zile, mabega yangu yalishuka nikakaa vizuri.

Sasa, Mombasa Road huongea kwa taa. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia, usipite, kuna kitu kinakuja. La kushoto ikiwaka, pita, njia ni nyeupe. Gari linalokuja likikupigia taa mara mbili, karao wako mbele, punguza. Usiku ule kila gari lilinipigia. Salama wakanipigia, Emali wakanipigia, basi moja likanipigia mara tano mfululizo. Na mimi, mwerevu, nikawa napunguza mwendo nikitafuta karao. Sikuona hata mmoja. Nikasema moyoni, leo watu wa barabara hii wana upendo.

Hata dakika moja sikufikiria kwamba walikuwa wananisema mimi.

Tulikuwa tumeshapita Makindu, tunakaribia Kibwezi. Nasema "tulikuwa" kwa sababu ya mazoea tu. Mimi na nduthi. Mbele kulitokea taa moja ndogo ya manjano, kama mshumaa unaotembea. Boda. Nilikuwa nimedimu tayari, naapa. Ile taa ikayumba kulia, ikayumba kushoto, kisha ikainama na kupotea.

Nilisimama, nikarudi kwa miguu. Walikuwa mtaroni, dereva na mama mmoja aliyekuwa amebeba. Dereva aliinuka akinifokea. "Boss, unataka kutuua? Zima fulu!"

Nikavua helmeti. "Nilikuwa nimedimu."

"Kumbe ni dada." Akatazama pikipiki yangu iliyokuwa ikiwaka pale juu, akaziba macho kwa mkono. "Kama hiyo ni dimu, fulu ni ya kumulika nani, malaika?"

Sikucheka. Yule mama alikuwa amekaa kwenye nyasi, ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtoto. Hakulia. Alikuwa anautazama tu, ukiwa na kona mahali ambapo mkono hauna kona.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la mfanyabiashara wa maembe. Nililipa picha, nikalipa plasta. Daktari alisema wiki sita. Tukiwa kwenye benchi, saa sita usiku, nilimwambia tena yule mama kwamba nilikuwa nimedimu, na kwamba nasikitika. Kwa mpangilio huo, kwa bahati mbaya. Yeye akasema, bila ubaya wowote, "Mimi hufulia watu nguo."

Nilifika Voi kesho yake saa nne asubuhi. Nilimweleza mama yote, nikitegemea atasema niuze pikipiki. Aliuliza kitu kimoja: "Mkono gani?"

"Wa kulia."

Akanyamaza siku nzima. Jumapili nikiondoka, aliniwekea noti ya elfu moja kwenye mfuko wa koti. "Si yako," akasema. Kwa hivyo wiki hizo sita tulimtumia yule mama pesa, mimi na mamangu, na kila nikibonyeza simu niliona ule mkono.

Kule Kirinyaga Road kuna mzee wa stima za magari, kibanda chake kina upana wa mlango. Nilipelekwa kwake na jamaa wa kazini. Aliiwasha taa yangu akaifunika kwa kiganja, akaizima. "Msichana wangu, mwanga unao wa kutosha kuchoma nyama. Shida ni unaenda wapi."

Akatoa balbu ya zamani ya H4 kwenye droo akanionyesha kitu ambacho nimekiendesha miaka miwili bila kukijua. Ndani ya kioo mna nyuzi mbili. Uzi wa fulu uko wazi. Uzi wa dimu umekalia kikombe kidogo cha chuma, kama yai kwenye kijiko. Kazi ya kile kikombe ni kuzuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya bakuli la taa, kwa sababu mwanga unaogonga nusu ile huruka juu, kwenye macho ya watu. Ule unaogonga nusu ya juu ndio unaoshuka barabarani. Bakuli limepimwa kwa ajili ya uzi ule mwembamba, mahali pale pale; ukiusogeza milimita moja tu, hesabu yote imeharibika. LED yangu ilikuwa na vipande bapa vya mwanga vilivyobandikwa ubavuni mwa chuma kinene, mahali palipokaribiana na pa ule uzi. Kukaribiana hakutoshi.

"Pikipiki iliyotoka kiwandani na LED ni sawa, bakuli lake liliundiwa LED," alisema. "Wewe umevaa kiatu cha mtu."

Aliniambia nirudi na mizigo yote ninayosafiri nayo. Nilidhani anatania. Ijumaa iliyofuata nikaja na unga, sukari, dawa, koti. Akasimamisha pikipiki mita tano kutoka ukuta wa jirani yake, akapiga mstari kwa chaki. Akawasha LED: ukuta mzima ukawa mweupe mpaka kwenye mabati ya paa. Akatia ya zamani: chini ya mstari mwanga, juu giza, kama umekata kwa makasi, ila upande wa kushoto mwanga ulipanda kidogo kumulika ukingo, maana sisi huendesha kushoto.

Halafu akasema, "Kaa." Nikakaa. Mwanga wote ukapanda ukutani kwa upana wa kiganja. Unga wa mama ulikuwa unakalisha nyuma na kuinua pua.

Nilipiga hesabu pale pale, ndiyo kazi yangu. Upana wa kiganja, sentimita 10 hivi, kwa mita tano. Kwa mita 50 ni mita nzima. Toa taa kutoka kimo chake, ongeza mita moja, na uko machoni pa mtu aliyekaa kwenye boda. Niliomba maji.

Akakaza springi za nyuma, akashusha taa kwa skrubu ndogo iliyo nyuma yake ambayo pia sikuwahi kuijua, mpaka mstari ukarudi mahali pake.

"Lakini mzee," nikasema, "hii ya zamani mimi sioni nayo."

Hapo ndipo alipotoa mita. Injini ikiunguruma, betri ilisoma volti 13.9. Kwenye soketi ya balbu, 12.2. Volti moja na nukta saba zilikuwa zinapotea njiani, kwenye nyaya nyembamba za 1998, zinazopanda hadi swichi ya mkononi na kushuka tena, kila kiungo kikiwa na kutu yake. Unaweza kudhani ni kidogo. Balbu ya halojeni haiko hivyo: mwanga wake hushuka kwa kasi kuliko volti. Kwa upungufu ule, zaidi ya theluthi ya mwanga wangu ilikuwa imeliwa na nyaya. Balbu ilikuwa na njaa tu, na mimi nikaifukuza kazi.

Dawa yake ni rilei. Waya nene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei, halafu balbu. Swichi ya mkononi haibebi tena mzigo wa taa, inatuma ujumbe tu. Shilingi 1,400 vitu vyote, pamoja na kifuniko kipya cha raba, kwa sababu vumbi lilikuwa limeingia kupitia tundu la kisu changu na mzee hakuacha kulitaja. Nilipotaka kuitia balbu mpya, alinipiga kofi la mkono kama nyanya. "Usishike kioo!" Mafuta ya vidole hubaki pale, kioo kikiwaka moto hupata doa, na balbu inakufa kabla ya siku zake. Nikafikiria ile iliyonifia karibu na Emali, ambayo pia niliifunga mwenyewe, na vidole vyangu vyote kumi. Nikanyamaza.

Je, sasa naona kama siku ile ya LED? La. Mwanga ni wa manjano, wa mashosho kweli. Naona barabara yangu na ukingo wa kushoto. Mbuzi wa mbali sina habari zao. Nilikuwa naenda 100, sasa usiku naenda 80, na mama anangoja nusu saa zaidi.

Mwezi wa pili nilipita Kibwezi mapema, saa kumi na mbili jioni, nikasimama kwenye stegi. Nilikuwa nimempigia yule dereva simu kumwuliza boda yake inatumia balbu gani. Ni ya wati 35, nikamnunulia mbili. Aliniambia yule mama ametoka plasta, anafua, ila ndoo bado anabeba kwa kushoto. Tulitia balbu papo hapo, nikimkataza asishike kioo kana kwamba nilizaliwa nikijua.

Jua lilipozama akasema, "Sasa washa yako." Akaenda akasimama upande wa pili wa barabara, hatua kama 40, pale ambapo boda ingekuwa, akachuchumaa kimo cha mtu aliyekaa. Nikakaa juu ya pikipiki, na unga, na sukari. Nikadimu.

"Hii iko sawa!" akapiga kelele kutoka kule. "Ile ingine ilikuwa welding!"

Akarudi akijipangusa magoti. Kisha akasogea karibu, kama mtu mwenye neno la faragha.

"Na ile ingine uliitupa?"

"Hapana, iko kwa nyumba Nairobi."

"Usiitupe," akasema. "Kuna mtu ananiibia kuku."