Munganga wa Kakanda, Mganga wa Mombasa

Likasi, Kongo, asubuhi. Basi dogo limejaa hadi mlangoni. Kwetu Mombasa utingo angepiga bati na kelele juu. Hapa abiria wanasalimiana kwanza, "Jambo yenu," hata kama hawajuani. Tukishapita Kambove, vumbi jekundu linatusindikiza mpaka Kakanda. Nyumba za kampi ya Gécamines, kampuni ya madini, zimenyooka mistari kama daftari la shule. Kabla ya kutaifishwa mwaka 1967 kampuni hii ilikuwa Union Minière, na mfanyakazi wake alipewa nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga. Ukiajiriwa, maisha mazima yalikuwa mle ndani.

Kakanda, mchana. Mwenyeji wangu anachambua sombe, kisamvu cha kwetu. Baba yake ni mmoja wa zaidi ya watu 10,000 walioiacha Gécamines mwaka 2003 na 2004, katika mpango ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari.

"Hiari gani, mama?" ananiuliza.

Tangu hapo, mzee huamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa kofia ya kazi, akaketi upenuni. Haendi popote. Jua likichomoza huivua.

"Papa iko na mawazo mingi," anasema binti. "Tulimupeleka kwa munganga."

Nikaandika daftarini: *Familia ilikimbilia kwa mganga.* Moyoni nikaongeza: ndiyo maana hajapona. Kisha nikauliza, kwa upole wa mtu anayejiona ameelimika, kama munganga alimfunga hirizi.

Binti aliacha kuchambua. "Hirizi?"

Munganga, akanifafanulia polepole kama mtu anavyomfafanulia mgeni, ni daktari, mwenye koti jeupe. Wa mizizi na ramli ni mufumu. Mimi nilikuwa nimeisikiliza Kakanda kwa sikio la Mombasa, nikamgeuza daktari kuwa mpiga ramli na familia nzima kuwa washirikina, kabla sombe haijafika chunguni. Na sikuwa na udhuru: Tanzania, daktari anayesimamia afya ya wilaya bado huitwa Mganga Mkuu.

Kakanda, jioni. Kosa langu lina babu zake. Daktari J. C. Carothers alipokabidhiwa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ushahidi wake mwingi ulitoka kwa wagonjwa waliofungiwa wodini. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamchapishia maelezo yake ya Mau Mau, na kilio cha ardhi kikasomwa kama msukosuko wa nafsi. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Blida, Algeria, alimjibu kwa ukali mwaka 1961.

Mwaka 1954, ule wa maelezo ya Mau Mau, mwanasaikolojia André Ombredane alichapisha Brussels utafiti wake juu ya Wakongo. Yeye alichorewa picha maalumu, akawaonyesha watu, akawaomba wazisimulie. Angalau aliuliza. Ila msimuliaji akishamaliza, aliyesema maana ya hadithi ni yule mwenye picha.

Nisidhani hayo yamekwisha. England, watu weusi huzuiliwa hospitalini kwa sheria ya afya ya akili kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha weupe. Binamu yangu anayeishi ng'ambo alifiwa na mama yake, akamwambia daktari kwamba moyo unamuuma. Walimpima moyo mara mbili. Ukatoka mzima kabisa, akarudi nyumbani na msiba wake.

Kakanda, usiku. Nimemuuliza binti munganga yule alifanya nini. Nilitarajia vidonge. Vilikuwepo, vya usingizi. Lakini kabla ya kuviandika alimuuliza mzee, kwa Kiswahili chao: Papa, zamani ulikuwa unafanya kazi gani? Mzee akaanza na kinu cha kusagia mawe ya shaba, jinsi alivyoijua hitilafu kwa mlio tu, akaendelea hadi waliokuwa nje kwenye foleni wakaanza kugonga mlango. Munganga akamwambia arudi wiki ijayo, amalizie.

Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent aliyefariki mwaka 1860, aliyepigania wagonjwa wafunguliwe minyororo. Familia imekitaja mara kadhaa. Nauli ndiyo haijapatikana, na mzee mwenyewe hataki kuwa mbali na kinu.

Ule mstari wa mchana nimeukata kwa kalamu, lakini sikuuchana ukurasa.

"Na kwenu Mombasa," binti akaniuliza tukila, "mutu wa mawazo mingi munamupeleka kwa nani?"

Nikajibu upesi: kwa daktari. Akanitazama tu, kijiko mkononi. Basi nikasema kweli: kwanza kwa shehe, amwandikie kombe anywe. Daktari hufuata, tena shehe hatumtaji mbele yake.

"Sisi kwanza kwa pasta," akasema, akaniongeza sombe. "Na munganga anajua. Aliuliza."