Watu wa Nyumba ya Kloe

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Keroka

Shule zimefungwa. Mchungaji amepita asubuhi, akanywa chai vikombe viwili kabla ya kusema kilichomleta: anataka jioni nne za mafundisho juu ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. "Mwalimu, wewe huna upande." Sikumjibu. Upande ninao, ila sijaufungulia mdomo.

Hali yenyewe: wanaotaka kanisa jipya lijengwe kwenye kiwanja kipya kando ya lami, na wasiotaka kubanduka kwenye kiwanja cha wazee. Juu ya hilo kuna pesa za mabati. Na juu ya pesa kuna barua inayoruka simu hadi simu tangu Julai, inamtaja mama mweka hazina kwamba amekula. Imetiwa sahihi "Waumini Wenye Uchungu". Jina la mtu, hakuna.

Jioni nilitoka kununua daftari. Keroka bwana! Upande huu wa barabara ni Kisii, upande ule Nyamira, na kaunti mbili zimevutana miaka kwa ushuru wa soko hili moja. Daftari nimenunua Nyamira, kalamu Kisii.

Jumatano, 7 Agosti

Nimesoma sura ya kwanza mara tano. Kabla hajamkemea yeyote, Paulo anasema nani amemwambia: watu wa nyumba ya Kloe. Kloe hatajwi tena popote katika Biblia. Haijulikani kama aliishi Korintho au Efeso, wala kama waliobeba habari walikuwa watumwa wake au jamaa zake. Ninalojua ni kwamba Paulo hakuficha mtoa habari. Angeweza kuandika "nimesikia" akaishia hapo. Hata hivyo, huko mbele, kwenye habari ya karamu (11:18), ndivyo anavyoandika: nasikia, na kiasi nasadiki. Kwenye ugomvi mkubwa anataja nyumba.

Halafu yale makundi: wa Paulo, wa Apolo, wa Kefa, wa Kristo. F. C. Baur, mwaka 1831 huko Tübingen, alidai kwamba makundi manne ukiyakamua yanabaki mawili, la Petro na la Paulo, na juu ya hapo akajenga historia nzima ya kanisa la mwanzo. Wengi wameuacha mjengo huo. Ila kwa habari ya kukamua namwelewa. Huku kwetu pia utasikia pande tano, na mwisho wa siku ni viwanja viwili.

Margaret Mitchell, mwaka 1991, alionyesha kwamba maneno ya Paulo ndiyo waliyotumia wanasiasa wa miji ya Kiyunani walipohutubia mji uliogawanyika. Mkisii hahitaji kitabu kuamini hilo. Mtu akisema "mimi ni wa fulani", sisi tunasikia koo za Nyaribari na Kitutu, na msimu wa kura uko mlangoni.

Alhamisi, 8 Agosti

Neno moja limenikalia siku nzima. Biblia ya Union, 1:10, inawataka wasiwe na faraka bali "mhitimu". Nikiwasomea vijana wataona majoho na kofia za mahafali. Kumbe kitenzi cha Kiyunani ni kilekile cha Marko 1:19, pale wana wa Zebedayo wanapotengeneza nyavu zao mashuani. Na "faraka" ni neno lilelile la mpasuko wa nguo kuukuu iliyotiwa kiraka kipya, Mathayo 9:16. Kwa hiyo mbele yetu kuna kitu kilichotatuka, na kazi inayodaiwa ni ya sindano.

Nikamweleza fundi cherehani wa sokoni. Akacheka. "Mwalimu, nguo ikitatuka kwenye mshono ni shilingi hamsini. Ikitatuka katikati ya kitambaa, nakwambia ununue nyingine." Sijui niipeleke wapi hiyo kwenye mafundisho. Sisi tumetatukia wapi?

(Union yenyewe, 1952, ni nguo iliyoshonwa: wa Mombasa walikuwa na Biblia yao na wa Unguja yao, ikabidi wakae meza moja.)

Jumamosi, 10 Agosti

Harambee ya paa. Hema mbili. Ya kwanza ina viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, maji ya chupa, sahani zenye kuku. Ya pili ilikuwa kivuli cha mkaratusi. Wanaochuma majani chai waliingia saa nane, baada ya kupimiwa kilo zao kituoni, wakakuta mifupa na wali wa chini ya sufuria. Nilikula hema ya kwanza. Naandika ili nisijisahau.

Usiku nikafungua 1 Wakorintho 11. Gerd Theissen aliisoma sura hii kwa jicho la matajiri na maskini: wenye nafasi walifika mapema na vyakula vyao, watumwa na vibarua wakafika baadaye, mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Jerome Murphy-O'Connor akaleta vipimo vya nyumba. Katika jumba la Kirumi la Anaploga, pale Korintho, chumba cha kulia ni mita 5.5 kwa 7.5. Ukiweka makochi, wanatosha watu tisa hivi. Waliobaki walikaa uani. Wapo wanaobisha kwamba Wakristo walikutana jumba kama hilo, wanasema huenda ni vyumba vya karakana. Lakini wali wa chini ya sufuria sihitaji mchimbaji wa mambo ya kale anithibitishie.

Jumatatu, 12 Agosti

Mvua tangu saa tisa. Nimehesabu barua. Ile tunayoiita ya Kwanza si ya kwanza: 5:9 inataja nyingine iliyotangulia, imepotea. Wao nao walimwandikia Paulo (7:1), imepotea. Ile ya machozi, 2 Wakorintho 2:4, ama imepotea au, kama alivyopendekeza Hausrath mwaka 1870, ni sura za 10 hadi 13 za Waraka wa Pili. Semler alikuwa ameshaanza kuukata Waraka huo vipande mwaka 1776. Mimi simfuati Hausrath: ile ya machozi ilimhusu mkosaji mmoja, na sura hizo nne hazimtaji.

Tarehe ni rahisi zaidi. Jiwe la Delfi linamtaja Galio, liwali wa Akaya, na linamweka huko kama mwaka 51 au 52. Basi Waraka wa Kwanza uliandikwa Efeso miaka michache baadaye.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepanda matatu hadi Matongo, kwa rafiki anayefundisha pale chuo cha theolojia cha Walutheri. Kanisa lao lilianzia Itierio, upande wa Kisii, mwaka 1948, kwa wamisionari wa Uswidi. Tukazungumza habari ya 2005: askofu wao, Walter Obare, alipokwenda Göteborg kumwekea mikono Arne Olsson awe askofu wa Waswidi waliotofautiana na kanisa lao, hasa juu ya wanawake kuwa makasisi. Askofu mkuu wa Uswidi, K. G. Hammar, alimwandikia kumpinga, naye Obare akamjibu.

Sikubaliani na Obare juu ya wanawake, na rafiki yangu anakubaliana naye, tukabishana mpaka obokima, ugali wetu, ukapoa. Jambo moja hatukubishania: barua zile zilikuwa na majina chini. Ukitaka kukasirika, unajua umkasirikie nani.

Ijumaa, 16 Agosti

Barua iitwayo ya Clement. Miaka kama arobaini baada ya Paulo, karibu mwaka 96, Korintho wamechafuka tena: vijana wamewaondoa wazee wa kanisa. Roma inawaandikia barua ndefu, sura 65, na katika sura ya 47 inawaambia wautwae ule waraka wa Paulo wausome upya. Maana yake waliutunza. Waliutunza na bado wakagombana. Mchungaji hatalipenda hili nikilisema jioni ya mwisho, na nitalisema.

Barua hiyo ilikaribia kutupotea. Ilijulikana kwa nakala moja ya Kiyunani yenye ukurasa uliopotea, hadi Filotheos Bryennios alipoikuta nzima Konstantinopoli, mwaka 1873, ndani ya kitabu kilichonakiliwa 1056.

Na haina sahihi! Inasema tu kanisa la Roma linaliandikia kanisa la Korintho. Jina la Clement tunalipata kwingine, kwa Dionisio wa Korintho, kama mwaka 170. Nilipoona hivyo nikafadhaika, maana leo mchana kijana mmoja wa kwaya alikuja kuniomba niwaandikie barua kwa viongozi, "ya Kiswahili kizuri, mwalimu, lakini tusiweke majina." Je, si ndivyo Roma walivyofanya?

Hapana. Fika mwisho, sura ya 65: waliobeba wanatajwa, Klaudio Efebo, Valerio Bito na Fortunato, na kabla ya hapo inasemwa watakuwa mashahidi kati ya Roma na Korintho. Barua iliingia Korintho na nyuso tatu za kuulizwa maswali. (Fortunato yupo pia katika 1 Wakorintho 16:17. Jina lilikuwa la kawaida, nisitunge hadithi.)

Jumapili, 18 Agosti

Baada ya ibada, mong'ina, yule mama anayefagia kanisa, alinivuta pembeni. Aliona mabati yakishushwa usiku, na si kwa mama mweka hazina. Akataja nyumba. Ni nyumba ya mtu wa upande wangu, wa kiwanja cha wazee.

Nikamwambia, "Mong'ina, ukisema hivyo watakusumbua."

"Watanifanya nini? Niandike jina langu. Wewe andika na lako."

Kijana wa kwaya nimemwambia ile ya bila majina siiandiki. Hii ya mong'ina nimeiandika saa nne usiku, ukurasa mmoja: alichokiona, tarehe, saa, nyumba. Yeye ametia dole gumba. Mimi nimetia majina yangu yote matatu na nambari ya simu. Kesho tunaipeleka pamoja, kwa miguu.