Kamera Ndogo kwa Mwenye Fedha Kidogo

Ingieni katika duka lolote liuzalo kamera, nanyi mtasikia swali lile lile: "Ina megapikseli ngapi?" Muuzaji hutaja hesabu yake kwa sauti kubwa, na mnunuzi hutikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuelewa. Lakini hesabu hiyo yasema nini? Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya karatasi yenye sentimita 10 kwa 15 yahitaji nukta 1200 kwa 1800 tu ili ionekane safi. Zidisheni wenyewe: ni milioni 2 na kidogo. Basi anayeongeza fedha apate 20 badala ya 10, ananunua nini?

Mwaka jana mpwa wangu alinijia na dola 70, faida ya kuuza maandazi. Mama yangu mzazi, aliye bibi yake, ni mzee sana, na picha yake ni moja tu: ile ya kadi ya mpiga kura, nayo imefifia hata uso hauonekani vema. "Mjomba," akaniambia, "nataka kumpiga picha akiwa hai bado, tena nyumbani mwake, karibu na mafiga yake." Simu yake ya bei rahisi ilikwisha kumshinda kazi hiyo, kwani nyumba ile ina dirisha moja dogo.

Nikaona mara moja kwamba shida yake ilikuwa nuru, wala si nukta. Katika kamera, nuru hupita katika lenzi na kuangukia kibao kidogo kiitwacho sensa. Katika kamera nyingi za bei ndogo, kibao hicho kina upana wa milimita 6 na kidogo, tena kimo chake hakifiki milimita 5. Kikigawanywa kwa nukta milioni 20, kila nukta hupata nuru haba, kama sufuria moja ya maharagwe mbele ya watoto ishirini. Ndiyo maana picha za gizani hujaa chembe kama mchanga. Ziko kamera zenye sensa iitwayo ya inchi 1, ambayo eneo lake lapita lile mara nne. (Ukiipima hutaona inchi yo yote, ni milimita 13.2 kwa 8.8, jina limerithiwa tu kutoka mirija ya kamera za televisheni za kale.) Bei yake si ya muuza maandazi.

Tukaenda soko la Kadutu, hapa Bukavu, kutafuta iliyokwisha kutumika. Nikamfundisha kusoma maandishi yaliyo kando ya lenzi. Namba ikiwa ndogo, nuru huingia nyingi: lenzi ya 1:2 huingiza nuru mara mbili kuliko ya 1:2.8. Namba ya pili ni ya wakati wa kuvuta picha karibu, nayo huwa kubwa. Kwa hiyo ndani ya nyumba afadhali kusogea kwa miguu. Tena kuna kuvuta kwa lenzi yenyewe, na kuna kule kuitwako kwa kidijitali, ambako ni kukata tu kipande cha picha na kukikuza. Hicho msikilipie hata senti moja.

Muuzaji alitusifia moja yenye megapikseli 20, inayong'aa. Tukaiacha, tukachukua Canon PowerShot S95, aina iliyotoka mwaka 2010, megapikseli 10, lenzi 1:2, yenye mikwaruzo. Kwanza tuliiwasha na kuizima mara nyingi, tukisikiliza kama lenzi yatoka bila kukwaruza. Tukapiga picha karatasi nyeupe, tukitafuta madoa. Tukatazama betri kama imevimba. Tukaidai chaja yake. Dola 60.

Rafiki zake walimcheka kwa uzee wa kamera ile. Yeye alimketisha bibi yake ubavuni pa dirisha, akaizima taa ya kumulika, akaegemeza viwiko mezani. Kamera ile hutuliza mtikisiko wa mkono, nayo yafaa kwa mzee aliyetulia. Kwa mtoto akimbiaye haifai kitu. Dola 10 zilizosalia zililipa kadi ya kumbukumbu na karatasi mbili. Mama aliitazama ya kwanza muda mrefu, akauliza ni nani aliyemwachia kitambaa kile cha kichwa kilichochanika.