Nilimlilia Mbwa Wangu, na Mungu Akaniinua

Mbwa wangu Bosi alikufa kwa homa ya kupe wakati wa masika. Natoa ushuhuda huu kwa sababu hapa kwetu Kerege wapo wengi waliozika mnyama wakameza machozi kwa kuogopa kuchekwa.

Alianza kwa kukataa chakula. Ugali wa dona na dagaa, aliokuwa akiukimbilia hata akiwa ameshiba, aliunusa akageuza shingo. Daktari wa mifugo alipomfunua midomo, fizi zilikuwa nyeupe. Vijidudu vinavyoenezwa na kupe vilikuwa vimeshaharibu damu. Alichomwa sindano, akatundikiwa dripu, lakini ugonjwa ulikuwa umefika mbali. Alikata roho alfajiri, kichwa chake kikiwa juu ya mguu wangu. Tulimzika chini ya mkorosho, nyuma ya nyumba.

Mimi ni mjane, na watoto wangu wanahangaika na maisha mjini. Bosi ndiye aliyenisindikiza shambani na kunipokea kituoni nikishuka kwenye daladala. Waliokuja kuniona waliniambia, "Mama, mbwa tu huyo, utapata mwingine." Hawakuwa na nia mbaya, lakini neno lile lilinifunga mdomo. Alfajiri ndiyo ilinielemea zaidi. Saa aliyozoea kukwaruza mlango ili tutoke kutembea, nilikuwa nimejilaza macho makavu, nikisikiliza. Chakula kilinishinda, hata ibadani nikaacha kwenda.

Binti yangu aliponipigia simu alisikia sauti yangu imebadilika. "Mama," akasema, "ule muda wenu wa kutembea usiuache. Toka nje utembee."

Nikapanda gari la Bagamoyo, kisha nikashika njia ya Kaole kwa miguu, mwendo wa kama kilomita 5. Nilipita TaSUBa, chuo cha sanaa, nikateremka upande wa bahari mpaka kwenye mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. Ilikuwa bamvua, wakati ambapo kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4, kwa hiyo tope lilikuwa wazi hadi mbali. Mizizi ya kupumulia ya michu ilikuwa imesimama wima kila mahali. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walitumbukia mashimoni niliposogea. Nilipotulia, wakatoka mmoja mmoja, wakaendelea kula. Juu yangu matunda ya mkoko yalikuwa yamechipua yangali mtini, marefu na ya kijani, yakingoja kudondoka na kujichomeka topeni.

Nilisimama pale muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, niliweza kutazama kitu bila kuziona zile fizi nyeupe. Kisha kilio kikanijia, nikalia kwa sauti.

Bibi mmoja aliyekuwa akiokota tondo alinisikia. Nikajifuta uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefiwa?"

"Mbwa wangu amekufa."

Akatua kikapu chake. "Pole. Pole sana. Alikuwa anaitwa nani?"

"Bosi."

"Pole kwa Bosi, mwanangu. Lia tu. Ila maji yakianza kurudi usibaki huku, yanakuja upesi."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza jina lake tangu nimzike.

Nikaendelea hadi kwenye magofu ya Kaole. Pale pana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo zilizokuwa zimepambwa kwa vibakuli vya Kichina. Mji ule uliishi kwa bahari, mikoko ikaja kuziba bandari yake, na biashara ikahamia Bagamoyo. Nilikaa kivulini nikayatazama makaburi. Simlinganishi mbwa na binadamu. Lakini wale waliochonga mawe yale hawakuona haya kuonyesha kwamba walimpenda aliyeondoka, na mimi nikaona sina sababu ya kuficha kwamba nilimpenda kiumbe niliyekabidhiwa na Mungu.

Tangu hapo nikatembea kila alfajiri, njia za hapa kijijini tulizozipita naye, na nilipopata nauli nilirudi Kaole. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, kisha hamu ya kula, kisha nguvu ya kwenda ibadani. Bado namkumbuka, ila sasa naweza kulitaja jina lake bila kifua kubana. Namshukuru Mungu.

Wewe unayefuga, mkague mbwa wako masikioni na katikati ya vidole vya miguu, umwogeshe dawa ya kupe. Akikataa chakula, mwite daktari siku hiyo hiyo. Wewe uliyempoteza, lia, kisha utoke nje utembee, hata kama miguu ni mizito. Na jirani ukimkuta analilia mnyama wake, mpe pole kamili kama unavyompa mfiwa yeyote, kisha muulize jina la aliyekufa umwache asimulie.