Nyumba Niliyomjengea Bibi

Najua nimepotea siku nyingi. Leo siandiki habari za programu wala simu mpya. Naandika kosa langu mwenyewe, asije mwenzangu akalirudia.

Mwaka 2022 nilimjengea bibi yangu nyumba huko Takaungu, kusini kidogo mwa mji wa Kilifi. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya mawe na chokaa, lakini boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa na mvua ikipita. Mimi naandika programu Nairobi, mshahara si haba, nikasema wakati ndio huu. Ramani niliipakua kwenye intaneti: vyumba vitatu, kuta za matofali ya saruji, mabati mekundu juu. Picha ilipendeza kweli. Tukajenga, watu wakala pilau, bibi akaniombea dua.

Baadaye nikaona jambo. Kila nikimpigia simu mchana, nasikia sauti za watu. Yuko kwa jirani, kwenye baraza ya nyumba kuukuu. Kesho yake vilevile. Nikadhani ni upweke. Nilipokwenda likizo mwezi wa Februari nikamwuliza. Akacheka, akasema, "Nyumba yako nzuri, mwanangu, lakini mchana yanipika."

Iliniuma. Nikafanya ninachokijua. Nilikuwa na vibao viwili vidogo vyenye vihisi joto, nikaweka kimoja sebuleni kwa bibi na kimoja kwa jirani, vyote vikiandika joto kila baada ya dakika kumi. Siku ya tatu nikafungua jedwali. Saa nane mchana kwa bibi ilikuwa digrii 37, kwa jirani 30. Usiku tofauti ilikuwa ndogo, maana ukuta mnene nao hurudisha joto ulilolihifadhi mchana. Si ajabu wazee walipenda kubarizi nje jioni.

Sababu si siri. Takaungu iko chini ya digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana liko karibu utosini. Sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa. Bati ni jembamba kuliko nusu milimita. Likishika moto linautupa wote ndani. Nyumba ya jirani ina ukuta wa karibu nusu mita, na joto huchukua saa nyingi kuupenya. Chokaa yake nyeupe hurudisha jua. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Vichochoro ni finyu, nyumba hii inaitilia kivuli ile. Kumbe watu kuishi wamebanana si lazima iwe adhabu, mji ukipangwa hivyo.

Wamazrui walipohamia Takaungu baada ya Sayyid Said kuichukua Mombasa mwaka 1837, hakukuwa na umeme wa kusahihisha makosa ya fundi. Nyumba ilibidi ifanye kazi yenyewe. Mimi nilinakili na kubandika, bila kuuliza ramani ile ilichorwa kwa hali gani ya hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na usiku watu hujifunika blanketi. Ofisini ningemkemea kijana anayenakili msimbo namna hiyo.

Kaka yangu akasema tununue kiyoyozi. Nikapiga hesabu: kilowati moja kwa saa nane ni uniti 8 kwa siku, 240 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, kiwango cha bei nafuu kabisa cha umeme wa nyumbani Kenya kinaishia uniti 30. Nani atalipa siku nikipoteza kazi?

Fundi mmoja wa pale pale alinisikiliza, akaniuliza kwa nini sijafanya kama mahoteli: makuti juu ya mabati. Tukapiga fito kwanza ili hewa ipite katikati, tukaezeka makuti, tukaweka dari ndani na matundu ya hewa juu ya kuta za kusini na kaskazini, zinakotoka pepo zetu za kusi na kaskazi. Kuta tukazipaka chokaa. Nakiri, makuti hushika moto upesi na baada ya miaka michache yatataka kubadilishwa. Jiko liko nje, na fedha za makuti nimeanza kuziweka kando.

Kuta za saruji siwezi kuzibadilisha tena. Kiwanda cha Bamburi kilianza mwaka 1954 kuchoma mawe ya matumbawe, ndugu wa yale yaliyojengea mji wetu, kuwa saruji. Duniani, utengenezaji wa saruji hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Sisemi tuiache. Sasa hivi serikali inajenga nyumba za bei nafuu nchi nzima, na Kenya inazihitaji. Ninachoomba ni kwamba anayechora nyumba ya Kilifi asichukue ya Nairobi akabadilisha jina la mji tu. Akakae kwanza saa nane mchana kwenye nyumba kuukuu ya mawe.

Februari iliyofuata kihisi cha sebuleni kilisoma 32 saa nane mchana. Bado si 30 za jirani, lakini juzi nilipiga simu mchana, ikaita mpaka ikakatika. Nikapata wasiwasi, nikampigia jirani. Akaenda kuchungulia, akarudi akicheka: bibi kalala, mle mle ndani.

Haya, tuonane wiki ijayo, inshallah. Nitawawekea na ule msimbo wa vihisi.