Neno la mwaka 1994

Kwa miaka sita mzee huyu wa Katesh, wilayani Hanang, hakukosa sababu ya kutokwenda Dar es Salaam. Mara palizi, mara ngano haijavunwa, mara magoti. Baada ya Desemba 3, 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang yalipoporomoka na kuua watu zaidi ya 80, hakuna aliyethubutu hata kumwuliza.

Safari hii mkewe hakumbembeleza. Mjukuu wa kwanza anabatizwa, nauli imetumwa, basi. Mzee akabeba kiroba cha vitunguu saumu vya Mbulu, kwao mkewe, akapanda gari hadi Dodoma, kisha treni ya umeme ya SGR.

Ukweli ni kwamba magoti hayakuwa tatizo. Kijana wake alisema anafanya kazi "hotelini", usiku. Kila mwezi hela iliingia kwenye simu ya mama yake, na ada ya mdogo wake ililipwa. Lakini hoteli gani haina jina? Wazazi wengi wanamjua mtoto wa namna hii, anayetuma hela bila kutuma habari.

Mji haukumpendeza. Njiani kwenda Kimara, mwanawe alimwonyesha zaidi vitu ambavyo havipo: hapa palikuwa na gereji, pale palikuwa na uwanja wa mpira. Ubungo magari yalipita juu ya magari. Mzee aliuliza kama kuna kitu chochote mjini humo kinachoachwa mahali pake.

"Makaburi, baba," kijana alijibu. Akafikiri kidogo. "Nayo si yote."

Ijumaa usiku, baada ya chakula, kijana alisema bila kumtazama.

"Baba, mimi nagawa karata. Kasino, Masaki."

"Karata," mzee alirudia, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

"Twende uone. Ukisema niache, tutazungumza."

Walipita Daraja la Tanzanite, taa zikiwaka juu ya bahari. Mlangoni mzee alidaiwa kitambulisho, kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Ana miaka 71. Hapo tu ndipo alipotabasamu usiku ule.

Ndani kulikuwa na zulia, baridi ya kiyoyozi na taa za kila rangi. Hakuona dirisha wala saa ya ukutani. Aliposikia watu wanabadilisha pesa wapate chipsi, alidhani ni viazi, hadi alipoona vile vipande vya plastiki. Mwanawe alisimama nyuma ya meza, shati jeupe, mikono ikienda haraka na kwa adabu. Mwajiri hamruhusu yeye mwenyewe kucheza hata shilingi moja. Mteja mmoja alipoteza, akaongeza, akapoteza tena. Mzee alihesabu kwa ng'ombe: mtamba mmoja, wawili, watatu. Akatoka nje.

Kijana alipomaliza zamu alimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara.

"Unawakumbuka wale wezi?" mzee aliuliza.

Nani angewasahau? Nyumbani wote walikua na hadithi ya wezi waliomvamia baba mwaka 1994 akitoka mnadani, wakamnyang'anya fedha za maksai wawili. Kijana huyu utotoni hakukubali kupita njia ile peke yake.

"Hapakuwa na wezi. Palikuwa na karata tatu, pale pale mnadani. Nilishinda mara mbili za kwanza. Wanakuachia ushinde."

Kijana alinyamaza. Mwaka ule ndio dada yao mkubwa alikosa kwenda sekondari.

"Yule mtu wa leo ana watoto?"

"Hatuulizi, baba."

Jumapili mtoto alibatizwa, watu wakala, wakacheza. Juu ya kazi ya kijana mzee hakutoa amri. Alisema tu kwamba mama yake aambiwe jina la kazi ile, na kwamba si kijana atakayeanza kusema.

Aliporudi Katesh alishuka stendi. Kando ya duka moja palikuwa na dubwi, lile sanduku la taa linalomeza sarafu za shilingi 200. Kwa siku zote lilikuwapo. Alikuwa akilipita tu. Wavulana wanne walilizunguka, mmoja bado ana soksi za shule. Kasino ya Masaki ilimdai mzee wa miaka 71 kitambulisho. Hapa hapakuwa na wa kumdai mtu chochote. Mzee alisimama karibu yao hadi yule wa soksi akaona haya, akaondoka.

Nyumbani mkewe alikuwa na maswali tayari: mtoto anafanana na nani, mkwe anapika nini, bahari ikoje. Mzee aliweka kiroba kitupu chini.

"Kaa kwanza, mama," alisema. "Nina neno la mwaka 1994."